Malalamiko Kuhusu Daktari Asiyekasirika

Kijiji cha Tebuanga,
Visiwa vya Kiribati.

Kwa Mheshimiwa Profesa Ellwood,
Mkuu wa Idara ya Utafiti wa Mila,
Chuo Kikuu, Australia.

YAH: DAKTA LACHLAN WHITFORD, AMBAYE NI WENU

Mheshimiwa Profesa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nyumba yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza.

Mimi ni Nei (yaani Bibi) Tekinati Raurenti, mjane, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa hapa Tebuanga, na ndimi mwenye nyumba anamoishi Dakta wenu tangu mwaka jana. Jina lake lina herufi ambazo ndimi zetu hazina, kwa hiyo kijiji kizima kinamwita Rokiran, naye anaitika. Si daktari wa sindano. Hilo tulilijua siku ya kwanza, kwa masikitiko, maana watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Niseme mapema kwamba ni mtu mzuri. Halewi, anaoga, anajifunza lugha yetu kwa bidii, na tukimcheka hanuni. Shida yangu ni kwamba mtu huyu hawezi kusema jambo lolote ni baya. Nilipomuuliza ugonjwa huo aliupata wapi, akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa chuoni: kila watu wana mila zao, jema na baya hupimwa ndani ya mila hizo, na mgeni hana haki ya kuhukumu. Ndiyo sababu nayaleta malalamiko yangu moja kwa moja kiwandani.

1. CHAKULA. Wiki aliyofika niliunguza magimbi. Nilikuwa nimekwenda kusuluhisha ugomvi wa kwaya, nikachelewa kurudi. Nikampakulia hivyo hivyo, nikamuuliza, "Rokiran, mwanangu, chakula vipi?" Akatafuna, akafikiri, akasema, "Mama, siwezi kukipima chakula chako kwa ulimi niliolelewa nao kwetu." Mheshimiwa, yale magimbi yalikuwa makaa. Mbwa aliyanusa akaondoka. Mgeni wa kawaida angesema ni matamu, nami ningejua ananidanganya kwa heshima. Au angesema yameungua, nami ningemkasirikia, na kufika jioni tungekuwa tumepatana. Huyu alimaliza sahani! Mimi nikabaki nimesimama na mwiko, sijui nimesifiwa au nimetukanwa.

2. SHEMEJI YANGU. Marehemu mume wangu ana mdogo wake aitwaye Tebakaro. Ana maneno mengi na kazi chache. Huyu ndiye aliyeugundua udhaifu wa Dakta wenu kabla yetu sote.

Kwetu kuna bubuti: mtu akikuomba kitu, kukataa ni aibu. Dakta ameiandika sana mila hiyo, na aliyoyaandika ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba anayeomba ovyo naye anaaibika, na aliyeombwa leo anaweza kuomba kesho. Bila nusu hiyo tungekuwa tumekwisha kuvuana nguo wote kisiwani. Tebakaro hakumweleza. Alimwomba shati, akapewa. Akaomba redio, akapewa. Akaomba baiskeli, na chandarua, na viatu ambavyo havimtoshi. Nikamwambia Rokiran, "Sasa nenda kamwombe na wewe! Mwombe baiskeli!" Akasema anaogopa kuivuruga mila. Kwa hiyo alikuwa akitembea peku juani, anaumwa na mbu, na anafurahi.

3. Hili limezaliwa na hilo la pili. Vitu vilipokwisha, Tebakaro akaanza kutunga mila. Alimwambia, kwa uso mkavu kabisa, "Dakta, kwetu mgeni anayeheshimu watu huogesha nguruwe wa mwenyeji wake kabla ya ibada ya Jumapili." Mheshimiwa, Dakta wenu aliwaogesha. Kwa sabuni. Watu walitoka na watoto wao kuja kutazama, mchungaji akaanza ibada akiwa na mahudhurio ya bibi mmoja kiziwi. Nikamwambia, "Mwanangu, hakuna mila kama hiyo. Huyo anakudanganya." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, huenda katika ukoo wako haipo, lakini katika ukoo wa Tebakaro ipo." Ukoo wa Tebakaro ndio ukoo nilioolewa! Nimezaa humo!

Na jambo lenyewe halikuishia hapo. Juzi alikuja bwana wa serikali kukagua kisima, na watoto wakamletea ndoo, sabuni, na nguruwe. Wao wanajua hiyo ndiyo desturi ya wageni.

4. NGURUWE WANGU MWENYEWE. Mwezi uliopita nguruwe wangu mkubwa, niliyekuwa nikimlisha kwa ajili ya sherehe ya kanisa, alitoweka. Rokiran alimwona Tebakaro akikata kamba. Alimwona kwa macho yake, mchana, akiwa amekaa kivulini anaandika. Nikapeleka shauri mbele ya wazee katika maneaba, jumba letu la mikutano. Tebakaro akasimama, akasema, "Wazee wangu, katika tawi letu sisi, nguruwe aliyefunguka ni wa aliyemwona kwanza." Wazee wakamwita Rokiran aeleze alichokiona. Akasimama, akiwa amevaa mkeka kiunoni vizuri kabisa kama inavyotakiwa humo, akasema:

"Niliona kamba ikikatwa. Lakini 'wizi' ni neno la kwetu. Siwezi kuwaletea nyinyi."

Mzee Kairaoi, ambaye ndiye mkubwa wa wote na hucheka kwa nadra, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kijana, neno la wizi sisi tunalo tangu kabla babu yako hajavaa suruali. Unadhani tulikuwa tunasubiri meli ituletee?" Watu wakaangua kicheko, na Tebakaro akacheka kuliko wote, na katika kicheko hicho shauri langu likafa. Wazee waliahirisha. Sherehe tulikula samaki.

Hadi hapo, Mheshimiwa, nisingekuandikia. Nguruwe atazaliwa mwingine, na kijiji kinahitaji kucheka. Nakuandikia kwa sababu ya hili linalofuata, ambalo halichekeshi.

5. AROITA. Ni mke wa Tebakaro. Ni mtu mpole, fundi wa kusuka mikeka, na sauti yake ndiyo inayoibeba kwaya yetu. Alasiri moja aliingia nyumbani kwangu mbio, mdomo umepasuka na damu imeshuka hadi kifuani. Nikamkalisha, nikachukua maji. Rokiran alikuwepo, amekaa karibu na nguzo. Tebakaro akafika nyuma yake, hakupandisha hata sauti. Alijua pa kupigia.

"Dakta," akasema, "wewe umesoma. Mweleze shemeji yangu kwamba mume kumrudi mkewe ni mila yetu."

Nilimtazama Rokiran. Alikuwa amebadilika rangi. Nilifikiri, leo atasema. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi ni mgeni. Siwezi kuhukumu."

Aroita akauondoa mkono wangu mdomoni mwake. Akamwambia, "Dakta, mimi nimezaliwa hapa kisiwani. Kitovu changu kimezikwa pale. Unaandika mila za watu wa hapa, siku zote unawauliza wao. Mimi nawe tumeishi jirani mwaka mzima. Umewahi kuniuliza mimi?"

Dakta akainamisha kichwa.

Aliyejibu ni mama mkwe wangu, Nei Mwakei, mama mzazi wa Tebakaro. Mtu alikuwa amekwisha kumpasha habari. Alikuja na fimbo yake, polepole, maana magoti hayamtaki, na sisi sote tukasubiri afike. Akamwambia mwanawe, "Mila ya nani hiyo? Nani alikufundisha?"

"Mama, wanaume wa zamani..."

"Wanaume wa zamani nimelala nao mimi, si wewe! Baba yako alijaribu mara moja. Unakumbuka alivyokuwa akitafuna upande mmoja? Ulidhani ni jino?"

Tebakaro akaondoka. Kesho yake kaka zake Aroita walikuja kumchukua, nao hawakuja kuzungumza na mtu yeyote kuhusu mila. Sasa yuko kwao, ng'ambo ya kisiwa. Tunaimba bila yeye, na kwa kweli hatuimbi, tunalalamika kwa noti.

Sasa, Mheshimiwa Profesa, nifike kwenye hoja. Bibi yangu alinisimulia habari za mchungaji mzungu wa zamani, ambaye kila kitu chetu kwake kilikuwa dhambi: ngoma dhambi, maua kichwani dhambi, mafuta mwilini dhambi. Bibi aligombana naye ujana wake wote. Alimwita kichwa cha kaa, naye akamwita mpagani. Lakini yule mchungaji alipoondoka, bibi alilia pwani, na mchungaji naye alilia, kwa sababu watu wawili wakigombana miaka mingi wanajuana. Sitaki arudi wa namna ile. Alikuwa na makosa mengi, na ngoma tulikuwa tunacheza hata hivyo. Nasema tu kwamba alituona ni watu wa kutosha kukasirikiwa. Huyu wenu hatukasirikii. Anatutunza, kama mtu anavyotunza yai la ndege.

Tena mnamfundisha kana kwamba watu wa mahali pamoja wana mdomo mmoja. Sisi hapa hatujawahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza ibada. Mila zetu ni huo mzozo wenyewe. Mkichukua neno la Tebakaro mkaliita mila, mmekwisha kuhukumu. Mmemhukumu Aroita, na mmempa Tebakaro ushindi, huku mnasema hamkuingilia.

Kwa hiyo naomba haya:

Kwanza, mumrudishe Rokiran mkamfundishe upya, au mtutumie mwingine ambaye amewahi kugombana na mama yake.

Pili, kama hilo haliwezekani, mnitumie tiketi mimi. Nitakuja kuishi jikoni kwako, Mheshimiwa. Rokiran amenieleza kwamba kwenu mzee akichoka hupelekwa nyumba ya mbali, akalishwa na watu wasiomjua jina, na wanawe huja kumwona siku za mapumziko. Nitakaa, nitatazama, nitaandika. Mama yako akiniuliza, "Tekinati, hili ni sawa kweli?" nitamjibu, "Mama, mimi ni mgeni, siwezi kuhukumu." Kisha utaniambia unajisikiaje.

Tatu, mtamke rasmi, kwa muhuri wa chuo, kwamba kuogesha nguruwe si mila ya Kiribati.

Mpe salamu mama yako popote mlipomweka. Wasalimie wanafunzi wako, na uwaambie wale mtakaowaleta huku wajifunze kwanza kusema "hapana" kwa adabu. Mzee Kairaoi anakusalimu, bado anacheka. Nei Mwakei anakusalimu, na anauliza kama kwenu kuna dawa ya magoti.

Wako katika Bwana, na kwa hasira ya upendo,

Nei Tekinati Raurenti,
Mwenyekiti, Kina Mama wa Kanisa, Tebuanga.

N.B. Ndege haikuja wiki hii, kwa hiyo barua bado ninayo, nami nalazimika kuongeza jambo.

Dakta wenu amepona. Tebakaro alimfuata kumwomba miwani, ile aliyoivaa usoni, na Rokiran akasema, "Hapana. Na ulichomfanyia mkeo ni uovu, na ilinipasa niseme siku ile." Alilisema kwa lugha yetu, bila kosa hata moja. Kijiji kilishangilia. Mimi mwenyewe nilimchinjia kuku.

Tulipoketi kumla huyo kuku, mke wa mwanangu, Nei Taobora, alikuwa amesimama nyuma yetu akipepea nzi, kama anavyosimama kila siku mpaka tumalize, ndipo naye ale kilichobaki. Nami nilisimama hivyo kwa Nei Mwakei miaka yote ya ujana wangu, sikufa. Rokiran akaweka kijiko chini. Akaniambia, mbele ya watu, mbele ya wajukuu, "Mama Tekinati, hili nalo si haki. Yeye ndiye aliyepika."

Nikamwambia, "Hiyo ni mila yetu, na wewe ni mgeni. Huna haki ya kuhukumu!"

Nei Mwakei akatazama paa. Kisha Taobora akauweka upepeo chini, akaketi kati yangu na Dakta, akajipakulia paja la kuku, akala. Ameketi hapo kila siku tangu hapo, na mwanangu ndiye anayepepea.

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa Profesa, naomba uyapuuze yote niliyoyaandika hapo juu, na umwandikie Rokiran haraka iwezekanavyo kumkumbusha mafundisho yenu. Barua uitume kwa jina langu. Ikipita mikononi mwa Taobora haitafika.