Mume Wangu na Suti ya Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Basi ndiyo hivyo, marehemu katolewa sebuleni. Nimerudi kutoka kliniki ya macho, naingia, natazama ukuta mkubwa, mume wangu hayupo. Nikadhani ndiyo macho yenyewe. Kumbe mke wa mwanangu kamhamishia korido na fremu yake, jirani na choo, ili kila anayekwenda haja amsalimie kwanza.

Anasema anapamba nyumba. Pale pa mume wangu kaweka picha ya madoa, manjano na meusi, kama kuku kakanyaga rangi akakimbia. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema, Mama, hizo ni hisia. Sawa. Mwanamume mzima kapisha hisia.

Na kuna kibao cha mbao chenye maandishi. Mimi kusoma sijui, nikakuuliza wewe mjukuu wangu, ukasema kimeandikwa NYUMBANI. Vizuri, maana wapo watu hukaa kwenye kochi wakajiuliza wako wapi. Nyungo nazo zimetundikwa. Ungo nimepepetea tangu msichana, hakuna aliyewahi kuniambia nimeshika pambo. Na ile mito ya kochi! Usiiegemee. Ukiiegemea inanyooshwa mgongoni mwako ungali umekaa.

Jumapili anakuja mkwe mwenzangu, mama yake huyu mke. Yule mama akiingia kwa mtu hutazama kuta kabla ya kutazama watu. Hatamkuta mume wangu mlangoni mwa choo. Kabla ya Jumapili atakuwa amerudi kwenye ukuta wake. Andika hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeugua. Nilianza baada ya chai, maana kuugua na njaa siwezi. Nikasema zile hisia zinanipandisha presha. Nikashika kichwa, nikashika na kifua, wasije wakakosea. Mke wa mwanangu akanihurumia kweli. Mtoto wa watu ana roho nzuri, hilo ndilo linalonichosha. Akasema, pole Mama, basi usiiangalie. Akanigeuzia kiti.

Sasa natazamana na kioo cha duara, kikubwa kama gurudumu la lori. Nimeshinda najitazama. Hayo si mandhari ya kumponya mtu presha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimembana mke wa mwanangu aseme ukweli. Akasema tatizo si Baba, tatizo ni picha. Ndogo, imefifia, kola ya shati imechanika, hailingani na ukuta. Kumbe ni hivyo tu. Anataka kubwa, atapata kubwa.

Marehemu alikuwa fundi baiskeli, na kamera aliiogopa kama sindano. Picha yake ni moja tu, ya kitambulisho, anatazama kama mtu anayesomewa mashtaka. Nikaenda nayo studio, ile ya pale kituo cha basi. Mpiga picha akasema kichwa kinatosha, mwili anao yeye. Akanifungulia miili kwenye kompyuta nichague. Nikachagua wenye suti ya buluu, tai, saa ya dhahabu, mkono umeegemea kiti, nyuma kuna ngazi za marumaru na maua.

Mume wangu huyo. Vidole vyake vilikuwa na grisi mpaka siku anakufa. Sasa ana mikono laini kama mtu anayefunguliwa mlango wa gari. Na saa kavaa. Alipokuwa hai saa aliuliza wapita njia. Nimemchukulia na fremu ya dhahabu, ilingane na hiyo saa.

Ijumaa, 7 Machi

Wenye nyumba wamekwenda kazini. Nikapanda stuli. Hisia nikazishusha, nikazipeleka korido, nazo zikapumzike huko.

Nyundo na msumari. Pigo la kwanza, kidole. Pigo la pili, plasta ikaporomoka, shimo la kuingiza sahani. Nikashuka, nikakaa, nikafikiri. Halafu nikaona hiyo ni bahati. Mume wangu akikaa juu ya shimo, nani atathubutu kumtoa? Nikapiga msumari pembeni yake. Kainama kidogo, kama anasikiliza mambo ya jirani, lakini yupo.

Jioni mwanangu kaingia, kasimama, kaniuliza, Mama, huyu mzee ni nani?

Nikamwambia ni baba yako mzazi.

Akasema Baba hakuwa na mabega. Akacheka mpaka akakalia mito. Mkewe hakucheka. Aliona ukingo wa shimo unachungulia, akasema haya, Baba abaki. Nimeshinda.

Ila andika na hili. Mwanangu alipomaliza kucheka aliniomba ile picha ndogo ya kitambulisho, akaenda kukaa nayo jikoni peke yake. Sikumfuata.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe mwenzangu kafika. Kuta hata hakuzitazama. Kabeba kitu kipana kimeviringishwa shuka. Akasema nyumba ya binti yake haina picha ya baba mzazi, sasa kamletea, na ule ukuta mkubwa utamfaa. Nikasema kimoyomoyo, ukuta una mwenyewe. Akafungua shuka.

Suti ya buluu. Tai. Saa ya dhahabu. Mkono kwenye kiti. Ngazi, maua. Kichwa tu ndicho cha mumewe.

Kumbe naye basi humshusha kituo kile kile.

Akatazama ukutani, akasema, mkwe mwenzangu, naona mzee wako kaazima suti ya mzee wangu. Nikamwambia mzee wangu hakuwa mtu wa kuazima. Akasema wa kwake kaivaa tangu mwaka jana. Nikasema ndiyo maana imemchakalia. Akauliza fundi baiskeli kapata wapi ngazi za marumaru. Nikamuuliza na huyo muuza mkaa wake, zake zinampeleka wapi. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Mke wa mwanangu akasimama, akawachukua wote wawili. Akasema hampendelei mzee yeyote, na kwa kuwa wamefanana watapendeza wakikaa jozi. Kawatundika korido, mmoja upande huu wa mlango wa choo, mwingine upande ule. Kama walinzi. Hisia zimerudi juu ya shimo langu, na mkwe mwenzangu akasema zinapendeza. Muongo yule.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana, na nimeliona kosa langu. Kosa ni suti. Suti kila mtu anayo. Yule mpiga picha ana mwili mwingine, nimeuona kwa macho yangu, wa jenerali. Medali mpaka tumboni, na kampanda farasi mweupe. Farasi hawezi kukaa korido, hata umkunje vipi. Lazima sebuleni. Naenda leo hii, na mkwe mwenzangu asijue. Si kalala hapa? Tangu asubuhi ni mpole ajabu, kasifia hata kitambaa changu cha kichwa.

Nani huyo anaita? Mwanangu? Anasemaje?

Eti nimuage mkwe mwenzangu, yuko mlangoni, anatoka mara moja tu mpaka kituoni. Na kwapani kabeba fremu.

Acha kalamu, mjukuu wangu. Nipe viatu. Si hivyo. Vile visivyoteleza.