Mguu Wangu Ukutani kwa Fundi Stambuli

Jumatatu, 14 Oktoba 1985. Malindi.

Naandika shajara hii kwa sababu moja. Nataka kazi ya msaidizi wa mratibu katika jumba la kazi za mikono linalofunguliwa Mnarani, na siku nitakapokuwa mratibu mwenyewe nataka pawepo ushahidi wa maandishi kwamba nilistahili tangu mwanzo.

Nafasi ni moja. Waombaji tuliobaki ni wawili: mimi, Mahadhi, mwenye shahada, na Msellem, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, mwenye shahada kama yangu na majivuno kunishinda. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kila mmoja atasoma insha juu ya fundi mmoja aliye hai: kazi yake, mapumziko yake, vitabu, filamu na muziki aupendao. Na sharti afike na kitu kilichotoka mikononi mwa fundi huyo. Msellem amemchagua mchonga milango. Nimefurahi. Mlango hauvaliki.

Mimi nimemchagua Fundi Stambuli, mshona makubadhi. Nitaingia mbele ya jopo nikiwa nimeivaa insha yangu miguuni.

Jumanne, 15 Oktoba.

Nimekwenda dukani kwa Fundi Stambuli nikijifanya mteja wa kawaida, ili nimwone katika hali yake ya asili. Hila hii haikudumu. Nilipotoa shikamoo aliitikia marahaba, akauliza kama mimi ndiye yule mtoto wa Bi Kibibi anayetafuta kazi ya Mnarani. Mji huu haufai kwa utafiti.

Hata hivyo nimeona mengi. Ni mtu mfupi, miaka sitini hivi, vidole vimekuwa vyeusi kwa nta. Ngozi haikati mpaka aikunje, ainuse, na kuiwekea kiganja kama apimaye homa ya mtoto. Kipande kimoja alikirudisha kwenye fungu mara tatu. Nilimwuliza kina kasoro gani. Akasema hakina kasoro, ila hakijawa tayari kukanyagwa. Nimeiandika sentensi hiyo na kuipigia mstari.

Redio yake haizimwi. Ikipigwa taarabu ya pole, anashona. Ukija mdundo wa chakacha, anaweka sindano chini na kuchukua nyundo. Bi Kaltuma wa Mambrui, aliyekuja kuchukua viatu vyake, aliuliza kwanza vimeshonwa kwa nyimbo gani. Fundi alimwapia kwamba ni za pole tupu, isipokuwa kisigino cha kushoto. Bi Kaltuma akamwambia basi akiteguka, ataukata mguu wa kushoto na kumletea fundi autie kwenye kabati. Akacheka mpaka akakaa.

Nimevutiwa mno. Nasikitika tu kwamba jopo linaweza kuona haya ni mambo madogo.

Jumatano, 16 Oktoba.

Vitabu! Fundi Stambuli ana kabati zima, na hakuna hata kimoja chenye jalada. Majalada huyakata violezo vya miguu ya wateja, kwa kuwa ni magumu na hayakunjiki. Kila kiolezo huandikwa jina la mwenyewe na kutundikwa ukutani kwa msumari. Matokeo ni kwamba Fundi hajui jina la kitabu chake chochote. Huviita kwa miguu. Kile cha mpelelezi anayeogopa paka ni "cha mguu wa Bi Kaltuma". Na anachokipenda kupita vyote, cha nahodha aliyesahau njia ya kurudi kwao, ambacho amekisoma mara kumi na moja, ni "cha mguu wa Msellem".

Nimeuliza kama nimesikia vizuri. Akanionyesha ukutani. Kweli, mguu wa Msellem upo, mdogo, mwembamba, mzuri kama jani la mkungu. Alishonewa makubadhi hapa mwaka jana.

Sikuweza kunywa kahawa niliyopewa. Shuleni Msellem ndiye aliyeiita miguu yangu makasia. Sasa mguu wangu utatundikwa ubavuni mwa wake, na mji mzima unaingia duka hili.

Alhamisi, 17 Oktoba.

Nimepata ufumbuzi wa pande mbili.

Kwanza, nimempelekea Fundi tasnifu yangu ya chuo kikuu, yenye jalada gumu la buluu, ili kiolezo changu kikatwe humo. Hivyo ataisoma, na daima ataiita "kile cha mguu wa Mahadhi".

Pili, wakati wa kupimwa, nilikunja vidole.

Desturi ya pale ni kwamba mteja huosha miguu kwenye beseni mlangoni, kisha huvuka sakafu ya saruji mpaka kwenye kigoda na kusimama juu ya jalada. Niliosha, nikavuka, nikasimama, nikakunja. Maumivu yalikuwa makali, lakini mstari wa penseli ulitoka wa kiungwana. Jambo la ajabu, Fundi alipokuwa akichora hakuutazama mguu. Alikuwa akitazama sakafu nyuma yangu, kule nilikotoka. Nadhani ni umri.

Aliniuliza: "Nikate kwa kiolezo hiki, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema tena ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Jumamosi, 19 Oktoba.

Jana Fundi alikwenda sinema, nami nikaketi nyuma yake na daftari. Wakati watu wote wakitokwa na machozi kwa kuwa binti ameozwa kwa nguvu, yeye aliinamisha kichwa pembeni kama kuku, akiangalia sehemu ya chini ya kitambaa cha picha. Anatazama viatu. Wakati wa mapumziko alimweleza jirani yake kwamba yule mjomba mpole ndiye mwuaji: mtu mwema hatembei na soli iliyolika upande wa ndani peke yake. Jirani akamwambia, "Stambuli, umenilia tikiti yangu." Na mwuaji alikuwa mjomba.

Sijapata kukutana na akili ya namna hii katika mihadhara yote niliyoihudhuria. Hata hivyo, insha ina hadhi yake. Leo nimekaa kuiandika, na mahali pa chakacha nimeandika muziki wa okestra kubwa za Ulaya. Mahali pa vitabu visivyo na majalada nimeandika falsafa. Kuhusu filamu nimesema anapendelea zile za historia, kwa ajili ya mafunzo yake.

Kuhusu tasnifu yangu, Fundi amesema karatasi yake ni nzuri sana.

Jumatano, 23 Oktoba.

Nimechukua makubadhi. Kazi isiyo na mfano. Mshono umenyooka kama mstari wa daftari, na gidamu, ule ukanda unaopita kati ya vidole, umesukwa kwa nyuzi tatu za ngozi. Nimeyavaa palepale. Nilihisi kama nimepeana mkono na mtu mwenye nguvu ambaye hakusudii kuachia.

Fundi aliuliza viatu vinaendaje. Nikasema vinakwenda vizuri sana, nikatoka nikitabasamu mpaka nikapita kona.

Dada yangu Zuleikha ameniuliza kwa nini natembea kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka.

Alhamisi, 24 Oktoba. Mnarani, kisha nyumbani.

Nitaandika kwa ufupi.

Basi hadi Kilifi: nilikaa, sikuumia. Feri ya kuvuka hori: nilisimama, niliumia. Kilima cha ng'ambo: nilikipanda kwa visigino. Msellem alinipita akiwa na kisanduku cha kuchonga kwapani, akauliza kama nami nahitaji kubebwa. Nilimwambia natafakari.

Mwenyekiti wa jopo ni Bi Shekha, mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Nilisoma insha yangu kurasa saba bila kukwama. Okestra. Falsafa. Historia. Nilipomaliza, wajumbe wawili walitikisa vichwa kwa heshima. Bi Shekha hakutikisa. Alisema Kiswahili changu kimejengwa vizuri, lakini fundi huyo hamjui. Kisha akautoa mguu wake kidogo chini ya meza. Makubadhi. Gidamu ya nyuzi tatu. Alisema anashonewa na Fundi Stambuli mwaka wa ishirini sasa, na kwamba kitabu chenye mguu wake kina mzimu.

Akaniuliza swali moja. Fundi anapompima mtu, hutazama wapi?

Nilisema kwa masikitiko kwamba uzee umemharibia macho.

Bi Shekha aliniomba nitembee kutoka kitini mpaka mlangoni na kurudi. Nilitembea. Niliporudi alikuwa akinitazama kwa huruma, na mimi siipendi huruma.

Msellem naye hakung'ara. Kurasa zake zote zilihusu milango. Bi Shekha alimwuliza mchongaji huyo hucheka kwa mambo gani, akajibu kwamba hakuona mlango wa kicheko. Tumeambiwa sote tuandike upya na turudi Jumatano, tarehe 30, saa tatu asubuhi. Atakayemleta mtu mzima, si kivuli chake, ndiye atakayepata kazi. Na mimi, aliongeza Bi Shekha, nije na viatu vilivyo vyangu kweli.

Nilirudi Malindi pekupeku, makubadhi mkononi.

Ijumaa, 25 Oktoba.

Nimekwenda kwa Fundi Stambuli baada ya sala ya Ijumaa kukiri. Hakuniacha nikiri. Aliingiza mkono chini ya benchi akatoa jozi ya pili, ngozi ileile, mshono uleule, gidamu ya nyuzi tatu. Nikavaa. Sikuhisi kitu. Nilitembea mpaka mlangoni na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu juzi nilikumbuka kwamba nina magoti pia.

Akanieleza. Mtu akisimama kwenye jalada humpa fundi mguu autakao. Lakini akitoka kwenye beseni na kuvuka saruji, huacha nyayo za maji, na mtu anayetembea hana nafasi ya kudanganya. Siku ile, nilipotoka tu, alizizungushia chaki nyayo zangu kabla hazijakauka. Jozi ya kwanza alikata kwa kiolezo kwa sababu niliamuru mara mbili, na mteja ni mteja. Hii ya pili ameikata kwa ajili ya mwenye miguu.

Nilimwambia sijapata kumwona bingwa kama yeye. Akasema nimpishe, chakacha imeanza.

Nimekaa mchana kutwa nikaandika kurasa tano mpya, kila neno la kweli: nta, mjomba mwuaji, kisigino cha kushoto cha Bi Kaltuma, na ile ngozi isiyokuwa tayari kukanyagwa. Najua, kama mtu anavyojua njaa, kwamba ni kitu bora kabisa nilichopata kuandika. Kazi ni yangu.

Limebaki jambo moja dogo. Fundi amehamisha zile nyayo za chaki kwenye jalada la nyuma la tasnifu yangu, akakata, akaandika MAHADHI kwa herufi kubwa, akatundika. Ubavuni mwa Msellem. Jioni Msellem aliingia, akasimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, akamwuliza Fundi kama siku hizi anashonea pia ngalawa.

Nimemwomba Fundi Stambuli anipime upya, kwa ajili ya kumbukumbu za ukutani tu. Alinitazama, akaangalia beseni, akaitazama redio. Kisha akasema nije. Tumekubaliana. Safari hii nitaosha miguu nyumbani na kuikausha kwa taulo, ili sakafu isipate la kusema. Vidole nitavikunja kidogo tu.

Miadi yetu ni Jumatatu, tarehe 28, saa nne kamili asubuhi.