Karakana Yangu Kufungwa kwa Kosa la Kunukia

Khushi Muhammad, Mchoraji wa Malori
Stendi ya Malori, Badami Bagh, Lahore

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Hewa,

Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilipoteza karakana niliyoianza kwa brashi moja na kopo la kuazima. Haikuungua wala haikuibwa. Ilitiwa lakiri na kijana wako, Bwana Adeel Cheema, aliyekuja na kimashine cha kunusa. Anasema thina ninayochanganyia rangi inapanda hewani na kuongeza ukungu huu mchafu unaotulazimisha kuwasha taa za gari mchana. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Kimashine kilipima ukarimu, hakikupima kazi. Mliandika kwamba wageni wa serikali wanakuja. Hapa kwetu mgeni wa serikali hapokelewi na ukuta uliochakaa, kwa hiyo jioni ya kuamkia ukaguzi tulipaka kuta, geti, hata viti, rangi ya mafuta ya bei ya juu. Kimashine kikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ningewapokea kwa uchafu, ningefaulu! Suruali ya Bwana Cheema iliondoka na kijani changu. Sidai.

2. Nilipoomba maelezo alisema, "Baba mdogo, mvuke wa thina ukikutana na moshi wa magari, na jua likiwaka, inazaliwa sumu nyingine."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo basi ni ndoa. Mimi bibi harusi, lori bwana harusi, jua kadhi. Mbona unamfungia ndani bibi harusi peke yake?"

Mafundi wangu walicheka. Yeye akaandika kwamba sitoi ushirikiano. Thina yangu ya mwezi mzima haifiki makopo sita. Malori yanayonguruma mbele ya geti langu kwa saa moja ni mia tatu. Anayejua kugawanya na agawanye.

3. Tulimmenyea chungwa, kimashine kikapanda. Akakisogeza kwenye kola yake yenye manukato, kikapanda zaidi. Mwenyewe alikiri kwamba hata miti hutoa mvuke wa jamii hiyo, na ofisi yenu imezungukwa na mikalitusi. Naomba basi mtie lakiri machungwa yote, kisha kola, kisha mikalitusi, kisha jua, kwa kuwa ndilo lililofungisha ndoa. Lakiri zikibaki, mrudi kwangu.

4. Lori la Sher Zaman, dereva wa Peshawar, limebaki na tausi niliyekuwa nikimchora ubavuni, asiye na kichwa. Stendi nzima inamwita Baba Kuku. Kila asubuhi ananijia: "Ustadh, nilikuletea lori, unanirudishia jeneza la magurudumu!" Wenye mizigo hawampi shehena mtu wa lori lisilo na sura. Mwambieni ninyi kwamba ni kwa faida ya mapafu yake.

Naomba mlango wangu ufunguliwe, na kimashine kile kifundishwe adabu.

Nisalimie naibu wako, katibu wako, mpika chai wa ofisi, na hasa dereva wa gari lenu, aliyeacha injini ikinguruma mlangoni pangu tangu ukaguzi uanze mpaka ukaisha.

Ni mimi, niliyekatazwa kunukia,
Khushi Muhammad

Baada ya sahihi: Jana niliingia nyumbani nikauliza ni nini kinanukia vizuri hivi. Mke wangu akaweka mwiko chini, akanitazama. "Uwatu, baba Saqib. Uwatu uleule ninaokupikia kila majira ya baridi tangu unioe." Nilikuwa nikila bila kusikia harufu yake, nikidhani ni uzee. Na fundi wangu Mukhtar, ambaye kila jioni alikuwa akienda nyumbani amefunga kichwa kinachomuuma kwa kitambaa, wiki hii hakukifunga. Mafundi wameapa kuvunja lakiri yenu baada ya swala ya Ijumaa, na ufunguo ninao mimi. Sitaki semina wala kipeperushi. Nijibuni kabla ya adhana ya siku hiyo, ndiyo au hapana: nikifungua, pua yangu itaondoka tena?