Prosesa ya Tisa kwa Kiti cha Tano

Jumatano, 11 Septemba
Dada Pei-Shan, nahodha wetu, katoa hukumu. Timu yetu ya gemu la kompyuta ina viti vitano, na cha tano nimekikalia miaka kumi na mmoja. Sasa anadai kompyuta yangu huganda kila vita vinapokolea. Jumanne, sikukuu ya mwezi, nitapambana na Kuang-Ting, mumewe. Mshindi achukue kiti. Mumewe! Mtu aliyejifunza gemu juzi! Nimeumia sana. Hata wali haukushuka.

Alhamisi, 12 Septemba
Soko la kompyuta, kibanda cha Bi Luo. Nikamchimba: shemeji alinunua prosesa gani, yaani ubongo wa mashine? Ya daraja la saba. Basi mimi ya tisa. Bi Luo kasema kwa gemu letu saba inatosha na kubaki. Tisa ndani ya mashine nyembamba huchemka, na ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe. Afadhali ninunue vipande viwili vya memori vinavyosaidiana kuliko kimoja. Nilimsikiliza kwa adabu. Nikachukua mashine ya tisa, nyembamba, memori kipande kimoja. Tisa ni kubwa kuliko saba. Hilo halihitaji fundi.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimempelekea dada mabalungi ya sikukuu. Kwa kweli nilikwenda kupeleleza. Kuang-Ting kanionyesha mashine yake bila kuficha kitu. Nene kama tofali! Memori vipande viwili, feni zinavuma. Nilimhurumia. Nikamdokeza kuwa yangu ni ya tisa. Kanipa hongera, kisha kanimenyea balungi. Mjanja huyo! Anataka kunilainisha.

Jumapili, 15 Septemba
Majaribio. Baada ya dakika ishirini mashine ikaanza kukokota. Sikubabaika. Dawa yake Taipei nzima inaijua: pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, unaiweka kwenye mashine kama hirizi, inatulia. Benki wanaweka. Hospitali wanaweka. Iwe ya kijani tu, na isiwe imepitwa na tarehe. Nimekagua yote mawili, mimi si mzembe. Juu ya kibodi ingenizuia mikono, kwa hiyo nimeibandika nyuma, kwenye matundu ya hewa. Nimeifunga kwa utepe wa gundi, raundi tatu.

Jumanne, 17 Septemba
Siku yenyewe. Ukoo mzima uani, nyama kwenye mkaa. Nilianza kwa kishindo, nikaongoza! Shangazi wakapiga makofi. Kisha mwendo ukafa. Shujaa wangu akatembea kama katoka kulazwa. Kuang-Ting kaniua mara tatu, ya mwisho kwa huruma. Vita vilipokwisha aligusa mashine yangu, akauondoa mkono haraka.

"Shemeji, umeiziba pua," akasema, akabandua pakiti.

Mashine ikatoa pumzi ndefu ya moto, ikaanza kukimbia vizuri kabisa. Hakuna aliyekuwa akiitazama. Dada alinikabidhi koleo nichome soseji. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Jumatano, 18 Septemba
Ujumbe wa nahodha: kiti cha tano ni cha Kuang-Ting, mimi ni wa akiba. Nimeomba marudiano Jumapili. Kakubali, ila ni mara ya mwisho.

Nimekaa, nimetafakari kwa kina, nimepata chanzo. Memori! Yangu ina kasi ya 5600 tu. Nimeagiza ya 6400. Bi Luo kapiga simu mwenyewe kunionya kwamba ubao wa mashine hii hauwezi kuvuka 5600, hata niuwekee nini.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Ubao utazoea.