Malalamiko Kuhusu Neno "Rudia"

Kijijini, karibu na Valjevo
20 Mei

Kwa Mheshimiwa Amidi wa Kitivo cha Kemia,
yaani kwako wewe Ognjen, mwanafunzi wangu wa zamani, uliyekuwa ukikaa dawati la tatu karibu na dirisha,

Kosa wanalofanya watu wengi, nami nikiwemo hadi mwaka jana, ni kudhani kwamba mtu anayesomea shahada ya uzamili ya utafiti wa kemia anasoma. Hasomi. Anaosha chupa. Akimaliza kuosha anapima, anachanganya, anasubiri, anapata jibu, kisha anaambiwa arudie, naye anarudi kuosha chupa. Mimi nilifundisha kemia sekondari kwa miaka thelathini na minane, na hakuna mmenyuko hata mmoja ulionikatalia, kwa sababu yote niliichora ubaoni.

Ninakuandikia kwa heshima zote kuhusu mjukuu wangu Nevena, mwanafunzi wenu, anayetakiwa kukabidhi tasnifu yake tarehe thelathini Juni. Barua hii nitampa dereva wa basi la saa nane mchana, kama tunavyowatumia watoto wetu mitungi ya pilipili, ili uipate leo hii. Malalamiko yangu nimeyapa namba, kama nilivyokufundisha, usije ukasema mengine hukuyaona.

1. Mwezi wa Oktoba, katika jaribio lake la kwanza kabisa, Nevena alipata fuwele nyeupe nzuri kama chumvi inayowekwa mezani siku ya harusi. Asilimia tisini na moja! Yaani katika kila gramu mia zilizotarajiwa, alipata tisini na moja. Alinipigia simu akilia kwa furaha. Msimamizi wake, Profesa Vukosava, akazitazama fuwele, akamtazama mtoto, akasema neno moja tu: "Rudia." Amerudia mara kumi na moja. Hajavuka asilimia thelathini na nne.

Sijui tabia hii mliipata wapi. Bibi harusi hatolewi nyumbani mara tatu ili kuthibitisha ndoa. Najua utanijibu kwamba padri humzamisha mtoto majini mara tatu, lakini huyo ni mtoto yuleyule, siku ileile, na hakuna anayempima kila anapoibuka. Jibu la kwanza lilikuwepo. Watu waliliona. Kwa nini jibu zuri litiliwe mashaka na majibu kumi na moja mabaya yaaminiwe?

2. Mtoto hajui tena kujibu swali. Tarehe sita mwezi huu tulikuwa na slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu. Wageni thelathini, mshumaa unawaka, ngano imepikwa, kila mtu kavaa vizuri. Shangazi Radojka akamuuliza kwa upendo, "Haya mwanangu, unamaliza lini?" Nevena akasema, "Inategemea, shangazi." Mwanangu Momčilo, ambaye ni baba yake mdogo na ana duka la rangi, akadakia kutoka upande wa pili wa meza: "Hata mfungwa anajua siku yake ya kutoka!" Watu wakacheka. Nevena naye akacheka, ila kidogo.

Kisha Radojka akamuuliza kama sarma ni tamu, maana aliamka alfajiri kuviringa nyama katika majani ya kabichi. Mtoto akajibu, "Nimekula moja tu, shangazi. Siwezi kuzisemea zote." Halafu akala saba, akasema sasa anaweza. Radojka hajui hadi leo kama alisifiwa au alikaguliwa.

3. Hili ni zito zaidi, linahusu amani ya kijiji. Kila nyumba hapa inapika rakija, pombe kali ya plamu, na kila mwenye nyumba anaapa kwamba rakija yake ataitambua hata akiwa amelala. Momčilo na jirani yetu Gvozden wameshindana kwa miaka thelathini. Siku hiyohiyo ya slava, Nevena akaleta glasi sita zisizo na jina, zenye namba chini, akasema, "Baba mdogo, hebu nionyeshe ya kwako."

Momčilo akanusa, akaonja, akafumba macho, akainua glasi ya nne. "Hii! Hii ndiyo jasho langu. Ile ya pili sijui nani kaleta maji ya kuoshea pipa."

Ya nne ilikuwa ya Gvozden. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

Gvozden aliinuka, akapiga ishara ya msalaba, akambusu Momčilo mashavuni mara tatu kama ilivyo desturi, akaenda nyumbani akiimba. Tangu siku hiyo Momčilo anapita njia ya makaburini ili asipite mbele ya lango lake. Nilipomgombeza Nevena aliniambia, "Babu, sikumfanyia ubaya. Nilificha majina tu." Mheshimiwa Amidi, ndivyo mnavyowafundisha? Kijiji chote kinasimama juu ya majina.

4. Kijiko. Nevena alipopata nafasi kwenu, nilikata kipande cha shaba kwenye ukingo wa sufuria aliyopikia rakija marehemu baba yangu, nikakifua, nikamtengenezea kijiko bapa cha kuchotea unga wa maabara. Alikitumia siku ya jaribio la kwanza, kwa heshima yangu. Kesho yake Profesa Vukosava akakiona na kusema, "Hapa dawa haichotwi kwa vitu vya nyumbani. Na hiki kina ukoko wa kijani." Akampa cha chuma cha pua, kinachong'aa na kisicho na ukoo. Cha kwangu kimelala tangu Oktoba ndani ya droo, pamoja na funguo za baiskeli. Ukoko ule wa kijani, Ognjen, ni wa miaka sitini. Kuna maprofesa wasio na umri huo.

5. Lalamiko la tano sikukusudia kuliandika. Baada ya wageni kuondoka siku ya slava, Nevena alikuwa jikoni akiosha glasi, maana kuosha ndiko anakojua sasa. Akasema bila kugeuka, "Babu, nikishindwa mara ya kumi na mbili, naacha. Baba mdogo amesema kuna kazi dukani." Nikamwambia rangi nayo ni kemia. Akasema, "Ndiyo, babu," kwa ile sauti tunayowajibia wazee tusiotaka kuwaumiza.

Mtoto huyu alijifunza jedwali la elementi kabla ya sala. Nisingependa aishie kuchanganya rangi za kuta za watu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, kitivo kiipokee ile asilimia tisini na moja ya Oktoba, na majaribio kumi na moja yaliyofuata yahesabiwe kuwa hali mbaya ya hewa. Pili, neno "rudia" lipigwe marufuku katika jengo lenu, pamoja na ngazi zake. Tatu, itungwe kanuni kwamba jibu la kwanza la kila mtafiti ndilo la mwisho. Mkiona inafaa, ipelekwe pia hospitalini na mahakamani, tutaokoa muda mwingi wa taifa. Na nne, utafiti wenyewe usimamishwe kwa muda, kemia irudishwe ubaoni, ambako ilikuwa na tabia njema.

Nisalimie Profesa Vukosava, sina kinyongo naye. Nisalimie bawabu, vijana wote wa maabara ya ghorofa ya pili, na Bi Desanka wa usafi, ambaye Nevena anasema hakuna chombo kichafu kinacholala salama mbele ya macho yake. Nisalimie mama yako, na umwambie zile pilipili alizoziulizia zitakuja kwa basi la Jumamosi.

Wako katika mizani na ukweli,
Dobrivoje Stanimirović,
mwalimu wa kemia mstaafu

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha Nevena alipopiga simu. Wiki iliyopita aliamua kurudia ile mara ya kumi na mbili kisha afunge mkoba. Akakitoa kijiko changu kwenye droo, akasema moyoni, tulianza pamoja, tumalize pamoja. Asilimia themanini na tisa! Profesa Vukosava akaja, akauliza nini kimebadilika, akakiona kijiko, akakaa kitini. Kisha akasema, "Rudia." Nevena anasema hakuwahi kulisikia neno hilo likiwa tamu vile. Leo asubuhi amepata tisini. Kumbe ni shaba: chembe za ule ukoko wa kijani ndizo zinazousukuma mmenyuko, na hakuna aliyejua.

Sasa nafikiria. Mngenisikiliza na kulipokea jibu la Oktoba, angelichapisha bila kukitaja kijiko, na kila atakayejaribu popote duniani angepata thelathini na nne na kumwita mjukuu wangu mwongo. Pia amenikumbusha ulichomwambia siku ya kwanza: kwamba uliwahi kupata jibu sahihi la hesabu ya kemia kwa kubahatisha, na mwalimu wako akakuambia, "Bahati si elimu, Ognjen. Rudia." Nayafuta malalamiko yote, isipokuwa la tatu, mpaka Momčilo apite tena langoni kwa Gvozden.

Jaribio la tatu tangu kijiko kitoke droo ni kesho asubuhi. Kwa hiyo leo, kabla Bi Desanka hajaingia zamu, panda ghorofa ya pili ubandike karatasi kwenye droo ya Nevena: KIJIKO HIKI KISIOSHWE.