Msasa wa Ujana

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Mama wa mchumba wangu anakuja Jumamosi kunikagua. Mchumba ameshamwambia nina miaka arobaini na tano, kama nilivyomdanganya mwenyewe. Ukweli ni hamsini na minane, na makunyanzi hayana siri. Kinyozi mzima, tena mwenye upara, leo nimenyoa wateja huku nikikikwepa kioo.

Jumanne, 4 Machi
Mchumba ni nesi. Kanieleza kuwa kinga ya mwili haipigani na vijidudu tu. Ukijikata, askari wake ndio wanaosafisha kidonda na kusimamia ujenzi wa nyama mpya. Uzeeni wanachoka, wanakuwa wakorofi, wanaanza kuwatwanga hata wenyeji. Niliitikia kwa adabu. Moyoni nimeshang'amua: wangu hawajachoka, wamekosa kazi!

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima msasa kwa seremala jirani. Kauliza ni wa kusugulia nini. Nikamwambia kiti cha zamani. Kanipa ule mkali. Nimesugua paji la uso, kisha mashavu. Machozi yamenitoka, nikakaza roho.

Ijumaa, 7 Machi
Uso umeumuka kama unga wenye hamira. Kunyanzi hata moja halipo! Seremala kachungulia saluni, akauliza, we kijana, mwenye duka kaenda wapi. Nilitaka kumkumbatia. Homa ikanirudisha kitini.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kafika. Nikampa shikamoo yangu safi kabisa. Hakuitikia. Akasema uso haujui, lakini sauti haijavimba, na yeye haitikii shikamoo ya mtu waliyesoma naye darasa moja. Akamsimulia binti yake jinsi nilivyokula chaki niugue, nikwepe mtihani wa hesabu.

Mchumba kanigeuzia mgongo. Niliogopa. Nampenda huyu mwanamke, na niliona ananiponyoka. Mwishowe akasema miaka angeisamehe, hata uongo, ila hawezi kuolewa na mtu anayejipiga msasa. Ndoa ipo, kwa sharti moja: uso nisiuguse tena. Nikaapa mbele ya mama yake. Kisha nesi wangu kanidunga sindano, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 9 Machi
Uvimbe unashuka, makunyanzi yanarudi moja moja. Sijali. Nimeapa, na kiapo nitakiheshimu: uso siugusi.

Ila upara haukutajwa kabisa. Na nyuma ya saluni kumeota upupu.