Kiti Kimoja kwenye Lori la Tume

Jumatatu, 6 Desemba 1943

Upepo mkavu umeanza. Midomo imepasuka, macho mekundu, Accra yote inakohoa. Leo amefika baba mdogo Atanga na ng'ombe wa kuuza, amewaswaga kwa miguu kutoka kwetu Bongo, kaskazini kabisa. Ameleta habari. Matanga ya mwisho ya marehemu baba ni mwezi ujao. Mimi Akolgo ndiye mwana wa kwanza, lazima niwepo nipokee upinde wake mbele ya ukoo. Nisipofika, atapewa mdogo wangu Adongo. Adongo! Mtu akilenga kanga anapiga mbuzi! Na mwenye upinde ndiye mwenye nyumba.

Nitafikaje? Kwa miguu ni mwezi mzima, nikirudi kazi kapewa mwingine. Malori yamechukuliwa na jeshi. Petroli ni ya vita. Kibarua wa ofisi hapewi petroli, anapewa ufagio.

Lakini mchana niliitwa kupeleka meza kwenye chumba cha mkutano, na masikio niliyaacha mlangoni. Tume inakuja kutoka London! Itachunguza shule za sekondari na elimu ya juu katika nchi zetu zote za pwani hii. Bwana Pettigrew, Mzungu wetu wa ofisi, ndiye anayepanga safari zake, na malori anayo. Accra, Cape Coast, Kumasi, basi. Nikachungulia ramani. Kaskazini yote imekunjwa chini ya meza, kwa kuwa meza ni fupi. Na meza fupi nimeileta mimi! Nimeikunja nyumba ya baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kesho naleta meza ndefu.

Jumanne, 7 Desemba

Meza ndefu imepatikana kwenye chumba cha kufulia. Nzito kama dhambi. Nikamwomba Bayuo, tarishi, anisaidie. Bayuo ni Mdagaaba, mimi Mfrafra, yaani watani tangu mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Akikunyang'anya, unamshukuru. Ukikasirika unatozwa kuku, na aibu juu. Basi njia nzima Bayuo akawa anawatangazia watu: jamani, mtumwa wangu huyu, leo nimemkodisha kwa serikali! Wachuuzi wakashangilia. Saa ya chakula akachukua samaki wangu, akaniachia kenke tupu, donge la mahindi, na pilipili. Nikamwambia asante, mla vichwa vya mbwa.

Meza imeingia. Ramani imelala yote, mpaka juu. Ushindi!

Kisha Bwana Lamptey, karani mkuu, akaja na birika la chai akaliweka juu ya Bongo. Likakaa pale hadi jioni.

Jumatano, 8 Desemba

Nilijifanya nafuta meza. Nikaliinua birika, nikafuta kaskazini taratibu kama mtu anayeosha mtoto. Bwana Pettigrew akauliza huko juu kuna nini. Lamptey akajibu hakuna sekondari hata moja, kwa hiyo hakuna cha kutazamwa. Moyo ukanilipuka. Nikasema bila kuulizwa!

Nikasema Bwana, watoto wa kule wanalilia sekondari usiku na mchana. Wanachunga ng'ombe huku wanakariri hesabu. Machifu wameshatenga viwanja, kila chifu cha kwake, karibu wapigane. Bwana akaweka kikombe chini. Akauliza mimi nimesoma wapi. Kwa mapadri, nikasema, mpaka darasa la tatu, madarasa yakaisha.

Hilo la mwisho ni kweli. Hayo mengine, Mungu anisamehe. Watoto wa kwetu wakimwona mwalimu wanapanda miti. Mimi mwenyewe niliteremshwa kwa fimbo.

Bwana akaandika. Lamptey akaniangalia kama samaki aliyelala juani. Alipotoka akaninong'oneza: wewe kijana wa ufagio, umeanza lini kuishauri London?

Ijumaa, 10 Desemba

IMEPITA! Tume itakwenda kaskazini. Na kabla ya Krismasi lori la kutangulia litapeleka vitanda, viti na chai, ili machifu waarifiwe. Anatakiwa kibarua mmoja, mwenye nguvu na anayejua lugha za kule. Mmoja! Nimejipaka mafuta. Nimemwambia baba mdogo Atanga atangulie akanywe pombe ya mtama kwa niaba yangu, mimi nitampita njiani na kumtimulia vumbi.

Jioni pigo. Bayuo naye ameomba. Anasema naye anajua lugha, tena kwao ni mbali zaidi, kwa hiyo anastahili zaidi. Nikaenda kwa Lamptey kusema kwa masikitiko kwamba Bayuo hutapika kwenye lori. Lamptey akasema ajabu, Bayuo ametoka hapa sasa hivi, amesema wewe unaota ukipiga kelele.

Jumamosi, 11 Desemba

Siku mbaya.

Bwana Pettigrew alituita wote wawili achague. Bayuo akaanza. Akasimama wima, akasema: Bwana, huyu ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kichwa cha mbwa. Tangu lini mtumwa akamtangulia tajiri wake?

Sasa mtu afanye nini? Nikinyamaza, nimeshindwa. Nikikasirika, kuku. Nikajibu: uongo, Bwana! Sisi ndio tuliowanunua wao, kijiji kizima, tukawarudisha kwa sababu wanakula mno na kazi hawawezi! Bayuo akapiga mapaja. Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Ulikuwa utani mzuri, wa kiwango cha msibani.

Bwana hakucheka. Uso ukawa kama mshumaa. Akamuuliza Lamptey polepole kama anajua kwamba katika ofisi hii watu wanamilikiana. Lamptey ni Mga, mtu wa pwani, utani wetu haumhusu. Akaweka mkono kifuani, akasema anasikia leo, na amehuzunika sana. Mwongo! Meno yote nje.

Tukaeleza. Bayuo akasema ni mtumwa wa kuchekea tu, Bwana. Bwana akaniuliza kama huyu mtu amewahi kuchukua mali yangu. Nikasema alichukua samaki. Akauliza na mimi nilifanya nini. Nilimshukuru, nikasema. Kalamu ikakimbia. Akaniuliza kwa upole mno kwa nini sikukasirika. Nikasema hairuhusiwi, Bwana.

Akafunga macho.

Jumatatu, 13 Desemba

Imeundwa tume! Ya pili! Ya kuchunguza utumwa ofisini. Pettigrew mwenyekiti, Lamptey katibu, mashahidi ni mimi na Bayuo. Itakaa mpaka mwaka mpya uingie, na mashahidi ni marufuku kutoka Accra. Meza ya kikao niliambiwa niibebe mimi. Bwana akamkataza Bayuo asinisaidie, nisije nikaonewa. Nimeibeba peke yangu.

Lori limeondoka asubuhi. Kwenye kiti changu amepanda mpwa wa Lamptey, ambaye hajawahi kuvuka Kumasi, na amebeba kenke ya safari nzima kwa hofu ya vyakula vyetu. Atazungumza na machifu kwa mikono. Tume itafika Bongo, itapita mbele ya nyumba ya baba, na Adongo atakuwa amesimama mlangoni na upinde, anaipungia. Na mimi ndiye niliyeileta!

Nililala chini nikakataa kula. Bayuo akaja na kibuyu cha pombe. Akanimiminia mimi kwanza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema pole kwa mzee. Akasema alimsikia akisifiwa mpaka kwao, kwa kulenga. Tukanywa. Kisha akasema lakini kwa kuwa mimi ni mtumwa wake, upinde ule kisheria ni wake, aje Adongo amkabidhi. Nikacheka. Machozi yakatoka, sikujua ni ya nini, nikayafuta.

Jumanne, 14 Desemba

Nimeamka na akili mpya! Ninashangaa haikuja mapema.

Kesho natoa ushahidi wa kwanza. Sikatai tena. Nitaapa kwamba mimi ni mtumwa kweli, na babu yangu aliuzwa kweli, na walioshuhudia mauzo bado wako hai, wako Bongo, ni wazee sana, hawawezi kusafiri. Tume yenye haki itawaendea. Haiwezi kwenda bila mtumwa wa kuonyesha mahali. Wala bila mnunuzi. Lori la pili, na viti viwili!

Nimemweleza Bayuo. Amekubali kukiri kila kitu, kwa sharti nimbebee mzigo wake. Nimekubali. Ila ameuliza swali moja la maana: wakituamini, mnunuzi atafungwa wapi?

Nikamwambia nadhani Tamale, kwenye gereza kubwa la kaskazini.

Akafurahi sana. Kutoka Tamale, akasema, hata kwa miguu mtu anafika nyumbani.